Nimetibiwa taifodi mara tatu, tumbo bado

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 34, nauza mitumba Memorial hapa Moshi. Mwezi wa pili huu naharisha. Siku tatu tumbo linatulia, ya nne linarudi. Choo kina mafutamafuta na harufu kali, tumbo linajaa gesi, nikicheua ni kama yai viza. Homa sina, ila suruali zinanivuka. Mara tatu nimepimwa Widal maabara ya mtaani, mara tatu nikaambiwa taifodi, nikapewa vidonge. Wikiendi huwa napanda Kibosho kwa mama. Nifanyeje?
Msomaji, Pasua

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya kustaafu nilikaa miaka mingi kwenye hadubini, na barua yako imeniuma. Mara tatu wamekutoa damu, choo chako hakuna aliyekiomba.

Widal haimtafuti bakteria mwenyewe, inatafuta kinga ambayo mwili umetengeneza dhidi yake. Kinga hiyo hubaki damuni muda mrefu baada ya mtu kupona, na maradhi mengine pia huweza kuiamsha. Kipimo kimoja cha namna hiyo hakitoshi kusema mtu ana taifodi, sembuse mtu asiye na homa.

Mimi ningeanza na giadia, kijidudu kinachoishi utumboni. Gesi, choo cha mafuta, kucheua yai viza, kupungua: hivyo ndivyo anavyojionyesha. Huenea kwa maji. Kibosho mnakunywa maji ya mfongo, ule mfereji wa mlimani? Yanatoka mlimani, yanang'aa, watu wanayaamini, lakini yamepita kwenye mazizi na vyoo vya walio juu yenu. Dawa ya klorini mara nyingi haimuui giadia kwa sababu ya gamba lake. Yachemsheni mpaka yatokote sawasawa.

Sasa nenda ukapime choo kikubwa, na usimeze antibiotiki nyingine kabla. Giadia hatoki kila siku, kwa hiyo peleka sampuli tatu, kila moja baada ya kuruka siku moja. Weka kwenye chombo kikavu, kisiingie mkojo. Kama ni cha majimaji, kifike maabara ndani ya nusu saa. Nimeletewa vya tangu jana jioni nikaandika "hakuna kitu", na moyoni najua pengine kilikuwepo, kilikufa njiani.

Kwa kuwa umepungua, pima na VVU na sukari siku hiyohiyo. Ukiona damu, homa ikipanda, au ukiishiwa nguvu, usisubiri sampuli ya tatu, nenda hospitali.

Akipatikana, dawa ipo, daktari atakuandikia. Ila utumbo aliouchubua huchelewa kumudu maziwa. Ukiharisha baada ya kunywa maziwa, usikimbilie kusema ugonjwa umerudi. Yaache wiki kadhaa uone. Mtori kula, mama asiutie maziwa tu.

Naye mama muulize tumbo lake likoje, maana mnachota pamoja. Majibu yakitoka niandikie, hata yakiwa safi, tutafute kwingine.