Tega Sikio: Majibu kwa Wasomaji kuhusu Nyimbo na Filamu Mpya

Barua nyingi za safari hii zimetoka Dodoma mjini, Chamwino na Mpwapwa, na karibu zote zinaumwa mahali pamoja: kazi mpya zinapendeza machoni, ila sikio linaondoka na njaa. Tumejibu tano. Ile ya zeze tumeipa nafasi kubwa kwa sababu inagusa mali ya watu wa hapa.

*Nyimbo za siku hizi zinaisha kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Dakika mbili na kidogo, kwisha. Ubeti mmoja unarudiwa mara mbili. Ni uvivu au ndiyo biashara?* (Msomaji, Nkuhungu)

Ufupi ni biashara. Ubeti mmoja ni uvivu.

Spotify, mtandao wa kusikilizia muziki, huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa baada ya sekunde 30, na tangu 2024 wimbo usiofikisha usikilizwaji 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi mrabaha wa rekodi. Kwa hiyo prodyuza anayechelewesha kiitikio anahatarisha riziki ya msanii wake, na hilo hatumlaumu. Lakini hebu tupige hesabu. Biti ya mapigo 100 kwa dakika ina mstari wa mapigo manne kila sekunde 2.4. Weka utangulizi wa mistari 4, kiitikio mistari 8, ubeti mistari 16, kiitikio 8, ubeti wa pili 16, kisha kiitikio 8. Jumla ni mistari 60, yaani sekunde 144, dakika 2 na sekunde 24. Kiitikio cha kwanza kinaanza kwenye sekunde ya 9.6 na kuisha kwenye 28.8, kabla ya ile 30 kugonga.

Maana yake, wimbo wa dakika 2 na sekunde 24 unabeba beti mbili kamili za mistari 16, na mtandao hauna neno. Msanii anayetuletea ubeti mmoja ulionakiliwa asisingizie soko. Ukitaka kumkamata, mwache afike ubeti wa pili, kisha ujiulize: nimeambiwa jambo gani ambalo sikulijua kwenye ule wa kwanza? Kama hakuna, amekuuzia nusu wimbo kwa bei ya mzima.

*Amapiano imemeza Bongo Fleva. Lakini kinachonikera zaidi ni Kiswahili chenyewe, nasikia maneno kama yamepindwa. Ni masikio yangu?* (Msomaji, Area C)

Masikio yako yako sawa, kaka. Ila amapiano tuitoe kwenye kesi hii. Ni mtindo wa Afrika Kusini unaotembea kwenye mapigo 110 hadi 115 hivi kwa dakika, mwendo ambao Kiswahili kinauweza bila kuhema. Tatizo liko kwa anayepachika maneno juu ya biti iliyokwisha kutengenezwa.

Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: naku-PE-nda, ma-PE-nzi, u-ME-nidanganya hakuna, ni umenida-NGA-nya. Mwimbaji akiliangusha pigo zito la kwanza la mstari juu ya “nda” au “nya”, msikilizaji anasikia neno la kigeni lenye herufi za kwetu. Na mkazo si pambo. *Barabara* ukikaza “ba” ya pili, bara-BA-ra, ni njia ya magari. Ukikaza “ra” ya kwanza, ba-RA-bara, ni sawasawa kabisa. Sauti ni zile zile, maana ni mbili.

Kuvuta silabi ya mwisho si kosa; taarab imeivuta miaka yote na ikatuliza. Kosa ni kuigonga. Dawa yake haigharimu senti. Kabla ya kuingia studio, mwandishi asome shairi lake kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumza na mtu sokoni, huku anapiga meza kwa kidole pale sauti inapojikaza yenyewe. Apigie mstari silabi hizo kwenye karatasi. Kisha acheze biti na kuangalia kama alama zake zinakutana na pigo la kwanza na la tatu. Zisipokutana, asogeze neno mbele kwa nusu pigo au abadilishe neno. Nusu pigo tu huponya mistari mingi.

Singeli inakimbia mapigo 200 na zaidi kwa dakika, na bado mwimbaji wake mzuri unamsikia neno kwa neno, kwa sababu anaongea juu ya ngoma badala ya kuiachia ngoma imtamkie. Kwa hiyo kasi nayo si kisingizio.

*Vijana wa studio wanachukua zeze na nyimbo za Kigogo wanaweka kwenye biti. Ninafurahi kusikia kwetu kwenye redio, lakini kila mara sauti inagombana na kinanda. Wanasema zeze halijakazwa vizuri. Ni kweli?* (Mama msomaji, Chamwino)

Shikamoo mama. Si kweli, na inauma kwamba bado kuna studio zinamwambia fundi wa zeze hivyo.

Muziki wa Wagogo unafuata ngazi ya sauti za asili, zile zinazozaliwa zenyewe kutoka katika sauti moja ya msingi: ya nne, ya tano, ya sita, ya saba, ya nane na ya tisa. Kinanda cha studio kinazipanga nusu-sauti zote sawasawa, kila moja senti 100 (senti hapa ni kipimo cha sauti, si pesa). Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Sauti ya tano ya asili iko senti 14 chini ya ile ya kinanda. Ya saba iko senti 31 chini, karibu theluthi ya nusu-sauti, na hata mtu asiyejua muziki ataisikia. Ya sita na ya tisa zinapishana na kinanda kwa senti 2 na 4 tu, kwa hiyo hazina vita. Ile ya saba ndiyo ladha ya Ugogo. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliitembeza dunia nzima kwa zeze, ilimba (ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba) na koo lake, na waliojaza kumbi kumsikiliza hawakumtaka ainyooshe.

Prodyuza akiwasha Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti, kwenye ngazi ya kawaida, inaishika ile sauti ya saba na kuivuta juu senti 31. Zeze linabaki chini, sauti ya mwimbaji inapaa, kinanda kiko upande wake. Hiyo ndiyo kelele unayoisikia, mama.

Kwa watu wa studio, utaratibu unaofanya kazi ni huu. Rekodi zeze kwanza, kabla ya biti yoyote. Maiki ikae sentimita 30 hivi kutoka kwenye kibuyu, imeinamishwa kidogo kuelekea upinde unapokwaruza. Ukiisogeza karibu zaidi utapata mkwaruzo mtupu. Pima uzi wa chini kwa kipima sauti cha simu. Tuseme unaonyesha A iliyozidi senti 35: hapo hukazi zeze, unapandisha kinanda chote senti 35. Programu nyingi za studio zina kitufe cha kuhamisha ala zote kwa senti. Besi ipige sauti ya msingi na ya sita tu. Usijaze kodi kamili za kinanda, yaani noti tatu kwa pamoja, kwa sababu noti yao ya katikati ndiyo inayogombana na ile ya tano ya asili. Auto-Tune izime. Kama huwezi kuishi bila hiyo, tengeneza ngazi yako mwenyewe, ya tano ukiishusha 14 na ya saba 31.

Kwa muheme, ngoma ya akina mama, hatari ni nyingine. Usinyooshe mapigo kwa mashine. Piga makofi kwanza pamoja na wapigaji: ukiona mapigo madogo yanaanguka matatu matatu, panga gridi yako kwa 12/8. Ukiilazimisha 4/4 ya kawaida, mkono wa kila mama utaonekana umechelewa, kumbe aliyekosea ni wewe.

Halafu kuna malipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda pia mpigaji na mwimbaji, siyo mtunzi pekee, na inazitambua sanaa za asili kama mali ya kulindwa. Andikeni karatasi kabla ya kurekodi: majina ya wote waliopiga, malipo ya siku, asilimia ya kila mmoja wimbo ukiingiza pesa, na jina la kikundi litaandikwaje wimbo unapotoka. Soda na nauli si mkataba. Kikundi kisipopewa karatasi, kisifungue zeze kwenye mfuko.

*Tunatengeneza filamu fupi chuoni. Picha safi, lakini kila mtu anasema hasikii maongezi.* (Mwanafunzi, UDOM)

Huo ndio ugonjwa wa filamu nyingi zetu zinazotoka sasa: pesa yote imeishia kwenye kamera. Mtazamaji husamehe picha yenye ukungu, lakini maongezi asiyoyasikia yanamfukuza.

Kwa Dodoma adui wa kwanza ni upepo. Maiki ya nje bila koti la manyoya ni kazi bure, na kuondoa upepo kwa programu baadaye kunaondoa na herufi “s” na “f” za mwigizaji. Maiki ya kubana kwenye nguo ifiche chini ya kitambaa cha pamba, kwenye kifua. Rekodi kwa biti 24 (hapa biti ni kipimo cha ubora wa kurekodi, si mdundo) na kilohezi 48, sauti kubwa zaidi iishie karibu desibeli 12 chini ya sifuri, maana mtu akipiga kelele ghafla na sauti ikapasuka, haishonwi tena. Ndani ya nyumba zima feni na friji, tandika mablanketi sakafuni na ukutani nje ya picha. Kisha watu wote wanyamaze kwa sekunde 60 mrekodi ukimya wa chumba, mtaujaza kwenye mashimo wakati wa kuhariri. Kuanzia Desemba hadi Aprili msipange maongezi ya ndani chini ya bati wakati mawingu yamesimama.

Muziki wa nyuma ushuke desibeli 12 hadi 15 chini ya maongezi, na usiwe na mwimbaji wa Kiswahili, kwani sikio haliwezi kufuata Kiswahili mara mbili kwa wakati mmoja. Na kama taa za chumbani zinachezacheza kwenye picha, umeme wetu ni wa hezi 50: pigeni picha 25 kwa sekunde, shata 1/50.

*Kwenye kibanda umiza tunaangalia filamu za nje DJ akisimulia juu kwa Kiswahili. Mjukuu wangu anasema ni ushamba, tusome maandishi ya chini.* (Mzee, Mpwapwa)

Shikamoo mzee. Ushamba haupo hapo. Kusimulia ni sanaa, na DJ hodari anajua kunyamaza mwigizaji anapolia. Tunachokikataa ni filamu kuuzwa bila mwenyewe kulipwa, na hilo ni kosa la muuzaji, si la msimuliaji.

Mjukuu naye ana hoja pale maandishi yanapoandikwa vizuri, ila mara nyingi hayaandikwi vizuri. Mstari mmoja usizidi herufi 42, mistari isizidi miwili, na msomaji asidaiwe zaidi ya herufi 17 kwa sekunde. Neno letu moja, kama “hawakutuambia”, lina herufi 13 na limebeba sentensi nzima ya Kiingereza, kwa hiyo mfasiri anayefuata neno kwa neno atajaza kioo kabla mtu hajafika katikati. Afasiri kinachosemwa, akate kinachoonekana tayari kwenye picha. Maandishi yakiwa hivyo, muwashie mjukuu. Yakiwa ya ovyo, mrudishe DJ.