Kuuza chai na supu Mbeya: mtafute bwana afya kabla hujanunua masufuria

Kuna dada ameuliza: anataka kuanza kuuza chai, chapati na supu ya ng'ombe karibu na stendi ya Nane Nane hapa Mbeya, na wenzake wamemwambia akishapata kitambulisho cha mjasiriamali hakuna wa kumgusa. Mdogo wangu, mimi ni mama lishe upande wa Mwanjelwa, miaka mingi sasa. Hilo uliloambiwa litakuponza.

Kitambulisho ni kwa ajili ya kutambulika kama mfanyabiashara mdogo. Vile vya kwanza vilitoka Desemba 2018, vya shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni nne kwa mwaka. Siku hizi kuna cha kidijitali, unaandikishwa kupitia afisa maendeleo ya jamii, na bila namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, hutafika mbali. Kichukue, kina faida zake. Ila hakisemi lolote kuhusu usafi wa sufuria yako. Anayehusika na chakula ni afisa afya, na Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa nguvu ya kuingia, kukagua na kukusimamisha. Ukimwonyesha kitambulisho atakipokea, atakurudishia, kisha atauliza maji ya kunawa yako wapi.

Kwa hiyo mimi nakushauri uanze na yeye. Nenda ofisi ya kata, muulize afisa afya yupo lini, mwambie unataka kuuza nini na wapi, umwombe aje aone mahali kabla hujatumia hata senti. Watu wengi wanamkimbia, anakutana nao mara ya kwanza siku ya msako, wakati huo na yeye yupo na mgambo na hana muda wa kumwelekeza mtu. Ukimfuata mapema ni mtu mwingine kabisa. Atakuambia weka meza hapa, jiko pale, maji machafu yaelekee huku.

Mahali penyewe pana jambo lake. Barabara ya TANZAM, ile kuu ya kwenda Zambia, inapanuliwa kuwa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, na hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Ukijenga kibanda humo, vyeti vyako vyote havitakisaidia siku ya kubomoa. Tafuta nafasi kwenye eneo lililotengwa au kwenye uwanja wa mtu, mwandikishane kwa mtendaji wa mtaa. Na kwenye maandishi hayo choo kitajwe. Nasisitiza choo kwa sababu bwana afya lazima atauliza wewe na wateja wako mnajisaidia wapi, na jibu la "kwa jirani" halimtoshi kama jirani mwenyewe hajakubali.

Kupima afya: unakwenda kituo cha afya na karatasi kutoka kwa afisa afya, wewe na kila anayegusa chakula. Wanaangalia choo kikubwa, mkojo, ngozi, na kama una kikohozi cha muda mrefu wanataka makohozi. Wanatafuta homa ya matumbo, minyoo, kifua kikuu, vitu vya namna hiyo. Ukikutwa na tatizo unatibiwa, unapima tena, unaendelea na kazi. Najua kuna akina mama wanakwepa kwa kuogopa kwamba watapimwa virusi vya UKIMWI na kufukuzwa kazini. Virusi hivyo haviambukizwi kwa chakula, na kupima ni hiari ya mtu kwa sheria ya 2008. Usiache kazi kwa hofu hiyo. Na tafadhali, usimtume mtu akupelekee choo chake kwa jina lako. Wanaofanya hivyo wapo, na watoto wetu ndio wanaokula kwenye hizo sahani. Cheti cha kupima afya kinatakiwa kuhuishwa kila baada ya miezi sita, basi rudi kupima kabla hakijaisha.

Sasa ukaguzi wenyewe. Cha kwanza wanaangalia mikono. Ndoo ya koki, sabuni, beseni la kupokea maji machafu. Hapa kwetu Juni na Julai maji yanauma, mteja anachovya ncha za vidole anakimbilia kwenye chapati. Weka maji ya uvuguvugu kwenye ndoo ya kunawia. Gharama yake ni mkaa kidogo tu, na utaona kila mtu ananawa mpaka kwenye kiwiko. Lile taulo moja la kufutia mikono ya wateja wote litoe kabisa, ni bora mtu akung'ute mikono.

Vyombo: beseni la kuoshea, la kusuuzia, kisha maji ya moto sana mwishoni, na kichanja cha kuanikia. Usivifute kwa kitambaa kilichofutia meza. Maji ya kunywa yachemshwe na yakae kwenye chombo chenye mfuniko na koki, si jagi la kuchovya kikombe. Anayepokea pesa asishike chapati kwa mkono, nunua koleo. Gazeti la kufungia chapati hawalitaki kwa sababu ya wino, na mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, hivyo weka karatasi safi za kaki.

Supu ndiyo itakayokupa kazi. Nyama nunua bucha inayouza nyama yenye muhuri wa mkaguzi, ile ya bei chee ya uchochoroni iache hata kama ni ya shemeji yako. Supu ikae inachemka jikoni, si vuguvugu. Kama imebaki na huna friji, usiilaze. Pika kiasi kinachoisha saa nne asubuhi, wateja wakikosa leo kesho watawahi.

Kipindupindu kilipoanza Dar Agosti 2015 kikasambaa mikoa mingi, huku kwetu nako kikafika. Nyakati kama hizo kachumbari na matunda yaliyokatwa ndivyo vinavyokatazwa mwanzo, na mara nyingine chakula cha barabarani chote kinasimamishwa. Weka akiba kidogo kwa ajili ya hilo, maana hata aliye msafi anafunga biashara na wenzake.

Pesa. Malipo ya serikali yanapitia namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, unapata risiti. Namba ya mlipakodi, TIN, ni bure. Nilishawahi kuambiwa na mtu mwenye cheo nimpe "ya soda" mkononi ili asiandike kasoro. Nilimwomba aziandike. Aliziandika, zilikuwa mbili, nikazirekebisha, na karatasi ile bado ninayo. Kasoro zikiandikwa kwenye notisi unapewa na muda wa kurekebisha, na siku ya kurudi kwake unamwonyesha moja moja. Kasoro ya mdomo haina mwisho, leo mfuniko, kesho aproni, keshokutwa soda.

Ukishatulia, ingia kwenye kikundi cha wanawake mjisajili halmashauri. Katika ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo ya vikundi, nne ni za wanawake, mkopo wake hauna riba.

Na msaidizi ukimpata, mpeleke kupima kabla hajashika unga hata siku moja, na nakala ya cheti chake iwe kwenye faili lako pale pale kibandani. Wakaguzi hufika asubuhi wakati wa chai, muda ambao wewe huenda umekwenda bucha.