Video za fenicha: kijana mmoja au timu nzima?

Ndugu, umesema una karakana ya fenicha Keko, wateja wanakupata WhatsApp na Instagram, na umepewa bei mbili: kijana mmoja mwenye kamera, au kampuni yenye mwongozaji, watu wa taa na sauti, na droni juu. Mchukue kijana. Sofa zako zinabadilika kila mara. Video ghali ya sofa iliyokwisha kuuzwa ya nini?

Ila usibane pesa kwenye sauti. Picha ya kawaida watu huvumilia, lakini randa ikifunika maneno yako wanapita. Nunua maiki ya kubana kwenye shati, na mrekodi mashine zikiwa zimezimwa. Chini ya taa za umeme aweke shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha) 1/50 ya sekunde, maana umeme wetu ni hezi 50, yaani unapiga mizunguko 50 kwa sekunde; la sivyo picha inaweza kupepesa. Arekodi wima.

Timu kubwa iite ukitaka tangazo la televisheni, au unapowinda zabuni ya kuweka samani hoteli nzima. Hapo mkataba useme marekebisho mangapi yamo kwenye bei, nani anabaki na faili ghafi (video zilivyorekodiwa, kabla ya kuhaririwa), na nani anafuatilia kibali cha droni TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.