Mwongozo wa Linux kwa mgeni: mwambie atakachokiona, si cha kubonyeza tu

Miongozo mingi ya kusakinisha Linux (mfumo endeshi wa bure, mbadala wa Windows) huharibikia mahali pamoja. Mwandishi anataja kitufe cha kubonyeza, kisha anarukia kitufe kinachofuata, kana kwamba kompyuta zote ni moja. Mgeni akibonyeza na skrini ikaleta kitu kingine, anabaki njia panda: hajui kama amekosea, kama mashine ni mbovu, au kama ni kawaida asubiri tu. Ndiyo maana tunashauri kila hatua iwe na mambo matatu: atakachofanya, atakachokiona akifaulu, na la kufanya asipokiona.

Chukua mfano mmoja: kusasisha orodha ya programu kwa apt, chombo cha kupakua na kusakinisha programu, ndani ya terminali, yaani dirisha la kuandikia amri (sudo mbele ya amri huomba idhini ya msimamizi). Mwongozo wa haraka haraka unasema: "Fungua terminali, andika sudo apt update, weka nenosiri." Mgeni anaanza kuandika nenosiri, haoni herufi wala nyota, anadhani kibodi imegoma, anagongagonga ovyo, na skrini inamjibu "Sorry, try again." Hapo wengine huacha. Sasa linganisha na huu:

"Bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja. Dirisha litafunguka lenye mstari unaoishia na alama ya $. Baada ya alama hiyo andika

sudo apt update

kisha ubonyeze Enter. Utaombwa nenosiri lile lile unaloingilia kwenye kompyuta. Ukiliandika hakutaonekana chochote, hata nukta. Usishtuke, liandike lote ubonyeze Enter. Itapita mistari inayoanza na Hit na Get. Ukiona Err au Failed to fetch, mara nyingi kompyuta haijafika kwenye intaneti: angalia bando na hotspoti ya simu, kisha rudia amri hiyo hiyo."

Ni mrefu mara tisa hivi, na bado ndio unaomalizika haraka, kwa sababu msomaji haachi kazi kwenda kutafuta mtu wa kumuuliza.

Mfano huo huo unaonyesha kwa nini lazima uchague toleo moja na kulitaja juu kabisa. Linux ina aina nyingi: kwenye Ubuntu 24.04 na Debian nenosiri halionekani, lakini Linux Mint huonyesha nyota. Ukiandika "kwa Linux zote" utampotosha mmoja wao. Andika hivi: Ubuntu 24.04 LTS, tarehe mwongozo ulipojaribiwa, na aina ya kompyuta uliyojaribia. Matoleo ya LTS (yanayohudumiwa kwa muda mrefu) ya Ubuntu hutoka kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Aprili, na kupata masasisho ya kawaida kwa miaka 5. Yale ya katikati hudumu miezi 9 tu, kwa hiyo usiyaandikie mwongozo wa wageni. Utakuwa umepitwa kabla haujasambaa.

Kisha mfikirie msomaji mwenyewe. Hapa Uganda, awe mfanyabiashara wa Busia, mwanafunzi wa Kasese au Mkongomani aliyeko makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mara nyingi ana laptopu iliyotumika, RAM ya GB 4, intaneti ya simu inayolipiwa kwa bando, na umeme usioaminika. Mwongozo ulioandikwa kwa mtu mwenye waya wa intaneti ofisini haumfai.

Anza na bando, maana hilo ndilo linaloamua kama mtu ataanza au hataanza. Faili la ISO, yaani lile la kusakinishia, la Ubuntu 24.04 linakaribia GB 6. Linux Mint yenye Xfce (mwonekano mwepesi wa skrini), ambayo kwa mashine ya GB 4 ndiyo tungemshauri mtu achukue, iko chini kidogo ya GB 3. Debian ya netinst haifiki GB 1, na hapo ndipo mgeni anaponaswa: anadhani amepata ya bei nafuu, kumbe sehemu kubwa ya mfumo hupakuliwa wakati wa kusakinisha. Bando likikatika katikati, anabaki na skrini nyeusi isiyo na menyu. Mweleze wazi.

Taja gharama ya kila hatua inayogusa intaneti. Apt yenyewe husaidia: kabla ya kuuliza Y au n huandika "Need to get" na idadi ya MB. Mfundishe msomaji kusoma mstari huo kabla ya kukubali. Mfundishe pia kuweka alama ya "Metered connection" kwenye mipangilio ya Wi-Fi, la sivyo masasisho yanayojianzisha yenyewe yatakula bando usiku. Mwambie lakini kwamba masasisho ya usalama nayo yatasubiri, hivyo achague siku ya kuyachukua mwenyewe. Na kama watu watano wa darasa moja wanahitaji programu ile ile, waonyeshe amri hii, tukichukulia VLC, programu ya kuchezea video:

sudo apt-get install --download-only vlc

Mafaili ya .deb (vifurushi vya programu) yatakaa kwenye /var/cache/apt/archives, yabebwe kwa flashi. Tumia apt-get hapo, si apt, kwa kuwa apt hufuta mafaili hayo baada ya kusakinisha. Itafanya kazi tu kama kompyuta zote zina toleo moja la mfumo, na inaweza kukosekana kipande ambacho kompyuta ya kwanza ilikuwa nacho tayari.

Hatua ya kuandika ISO kwenye flashi ya kusakinishia ina mitego miwili. Wa kwanza: kila kilichomo kitafutika, na onyo hilo liwekwe kabla ya hatua, si chini yake. Watu husoma mstari, wanabonyeza, ndipo wasome unaofuata. Wa pili: faili lililopakuliwa nusu nusu kwa mtandao wa kukatika. Msomaji akiwa bado kwenye Windows, aandike certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256, alinganishe namba itakayotokea na ile iliyo kwenye ukurasa alipopakulia. Zikitofautiana, faili limeharibika na kisakinishi kitakwama katikati kwa sababu zisizoeleweka. Flashi ya GB 8 inatosha.

Kuwasha kompyuta kutoka kwenye flashi ndiko kunakoangusha wengi, kwa hiyo usiseme "bonyeza kitufe cha boot". Sema: Dell na Lenovo nyingi ni F12, HP ni Esc kisha F9, Acer nyingi ni F12, lakini kwenye baadhi lazima uiwashe kwanza ndani ya mipangilio ya BIOS (programu inayoamsha kompyuta) kwa F2. Mwambie achague Restart kwenye Windows badala ya Shut down. Windows yenye Fast Startup haijizimi kabisa ukichagua Shut down, ndiyo maana wengine hugonga F12 na bado Windows inarudi. Fast Startup hiyo hiyo husababisha Linux baadaye ikatae kuandika kwenye sehemu ya Windows, au iifungue kwa kusoma tu. Kisakinishi kisipoona diski kabisa, chunguza kama BIOS imewekwa kwenye RAID au Intel RST badala ya AHCI (hizi ni namna za kompyuta kuwasiliana na diski). Hapo mgeni asibadilishe chochote peke yake kama Windows yake bado anaihitaji, kwa sababu inaweza kukataa kuwaka.

Kibodi mara nyingi hupuuzwa, na laptopu za mitumba zinatoka kila kona. Kwenye kibodi ya Uingereza, Shift na 2 hutoa alama ya kunukuu. Ya Marekani hutoa @. Ya Ujerumani imebadilishana Y na Z. Ya Kifaransa, ambayo Wakongomani wengi wanaijua, imebadilishana A na Q, na tarakimu zinataka Shift. Mtu akichagua mpangilio usiolingana, ataweka nenosiri ambalo hatalipata tena. Kisakinishi kina kisanduku cha kujaribia kibodi. Mwongozo wako umwelekeze aandike pale herufi zote anazotaka kuzitumia kwenye nenosiri, pamoja na alama.

Maandishi ya skrini yaache kama yalivyo. Kama kitufe kimeandikwa "Erase disk and install Ubuntu", andika hivyo hivyo, kisha eleza kwa Kiswahili kwamba kitafuta Windows, picha na kila kitu. Ukitafsiri jina la kitufe, msomaji atalitafuta asilione. Ujumbe wa makosa ni vivyo hivyo: unakiliwe neno kwa neno, ili mwenye shida autafute na kuufikia ukurasa wako.

Makosa hayo yape nafasi kubwa. Matatu hujirudia kwa wageni wa huku.

La kwanza ni umeme kukatika katikati ya kusakinisha programu, na betri ya laptopu imechoka. Kompyuta ikirudi, apt inasema "dpkg was interrupted, you must manually run 'sudo dpkg --configure -a' to correct the problem". Dawa imo ndani ya ujumbe wenyewe, ila mgeni haoni kwamba anaamriwa kitu. Andika amri hiyo kwenye mstari wake, ikifuatiwa na sudo apt -f install.

La pili ni saa. Laptopu kuukuu yenye betri ndogo ya BIOS iliyokufa (kwa kawaida CR2032, kwenye laptopu nyingi ikiwa na nyaya zake) hurudi miaka nyuma kila inapozimwa na kuchomolewa. Apt inalalamika kwamba Release file "is not valid yet", na kivinjari kinakataa tovuti zenye https. Mgeni atailaumu Linux. Mwelekeze aandike timedatectl na kusoma tarehe. Kama si ya leo, airekebishe, aweke eneo la Africa/Kampala, na betri ibadilishwe.

La tatu ni "Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend". Maana yake ni kwamba programu nyingine, kwa kawaida masasisho yanayojianzisha yenyewe, inatumia apt wakati huo. Jibu ni kusubiri ikamilike. Kuna miongozo inayomwambia mgeni afute faili la lock (kufuli) kwa rm, amri ya kufuta. Huo ni ushauri mbaya: programu mbili zikiandika orodha ya dpkg (chombo ambacho apt hukitumia kusakinisha) kwa wakati mmoja, orodha inaweza kuharibika, na kuirekebisha si kazi ya mgeni. Vivyo hivyo usimpe amri ya dd ya kuandika ISO kwenye flashi. Akikosea herufi moja ya jina la diski, data yake imekwenda.

Sasa umbo la mwongozo. Wakati wa kusakinisha, kompyuta ya msomaji iko kazini. Ana simu tu, na mara nyingi simu hiyo ndiyo hotspoti. Mwongozo wako basi usomeke kwenye skrini ndogo bila intaneti: PDF nyepesi, au karatasi. Amri ndefu inayokunjwa kwenye simu husomwa kama amri mbili, kwa hiyo igawe au itafutie njia fupi. Picha za skrini zipunguze. Zikate zionyeshe kitufe husika tu, na usiweke amri ndani ya picha, maana hainakiliki.

Miongozo hii husambaa kwa WhatsApp, na huko amri huharibika kimya kimya. Kibodi ya simu hugeuza sudo kuwa Sudo, na Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Nyota mbili ndani ya mstari mmoja zinaweza kumezwa na kugeuza maneno kuwa mazito. Programu za kuandikia kama LibreOffice Writer nazo hugeuza vistari viwili kuwa kimoja kirefu, na alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda, terminali haizitambui. Zima AutoCorrect au andika kwenye kihariri cha maandishi matupu, na kwenye WhatsApp zungushia amri alama tatu za ``` kila upande. Na usinakili alama ya $ pamoja na amri. Mgeni ataiandika.

Kabla ya kuutoa, ujaribu mara mbili. Kwanza wewe mwenyewe ndani ya VirtualBox (programu inayoiga kompyuta ndani ya kompyuta), ukihifadhi hali ya mwanzo ili urudi sifuri kila unapobadilisha hatua. Lakini ndani ya VirtualBox hutagombana na kitufe cha kuwashia flashi wala na kadi ya Wi-Fi ya Broadcom inayohitaji kipande cha ziada kutoka intaneti (kwa mwenye kadi hiyo, waya wa USB kutoka kwenye simu yenye USB tethering ndio mkombozi, kwa sababu Linux huuona kama mtandao wa kebo). Kwa hiyo mara ya pili mpe mtu asiyejua Linux, kwenye laptopu halisi, ukae kando bila kusema neno. Akikuuliza, usimjibu, andika swali lake na namba ya hatua. Pale mkono wake unaposimama hewani juu ya kibodi ndipo penye sentensi inayokosekana.

Weka leseni inayoruhusu wengine kunakili na kutafsiri, kama CC BY-SA, ili mwalimu wa Arua aongeze Kilugbara bila kuomba ruhusa. Na swali lile lile likikufikia kutoka kwa watu wawili, usilijibu mara ya tatu kwa simu. Fungua faili, ongeza mstari pale walipokwama, badilisha tarehe ya juu, tuma toleo jipya, na ufute la zamani kila ulipoliweka.