Muulize Mwalimu: Mbona Mathayo ya simu haina mstari wa 21?

*Bwana asifiwe, Mwalimu. Sisi ni akina mama kumi na wawili wa Nyalenda, hapa Kisumu. Kila Jumatano tunafunga mpaka saa kumi na mbili jioni, halafu tunafungua kwa uji. Tulianza miaka mitatu iliyopita kwa ajili ya mtoto wa mwenzetu mwenye kifafa, na neno tuliloshikilia ni Mathayo 17:21, kwamba pepo wa namna hiyo hatoki ila kwa kusali na kufunga. Juzi kijana wa kanisa letu aliyetoka chuo cha Biblia alitusomea sura hiyo kwenye simu, katika NIV, tafsiri ya Biblia ya Kiingereza. Kutoka mstari wa 20 akaruka hadi wa 22! Akasema wa 21 si maandiko, tumeshinda njaa bure. Sasa mmoja wetu Jumatano anakula chapati kibandani kwake bila haya, mwingine anasema Wazungu wameuondoa makusudi tuwe dhaifu, na mchungaji ametuambia tuache maswali. Nani ameuondoa? Tuendelee au tuache?*
*Mwenye Njaa ya Jumatano, Kisumu*

Asifiwe sana, mama. Barua yako ilinifanya niiteremshe Biblia yangu ya Kiswahili, Union Version, ile nyeusi ambayo mgongo wake unashikiliwa na gundi ya karatasi, nikasogea nayo dirishani. Mstari upo. Lakini hebu nawe uchukue ya kwako uangalie vizuri. Kabla ya "Lakini namna hii haitoki" kuna alama ya mabano, nyembamba kama ukucha wa mtoto mchanga, na baada ya "kusali na kufunga" iko ya kufungia. Nimeusoma mstari huo mbele ya watu mara nyingi na mabano hayo sikuyaona hata siku moja. Na mimi ni mwalimu wa Kiswahili! Miaka thelathini na moja nimekata watoto alama kwa sababu ya mabano.

Waliotafsiri Union Version, iliyotoka mwaka 1952, ndio walioyaweka, na walikuwa wanakuambia jambo lile lile alilokuambia kijana wenu, ila wao walisema kwa adabu: maneno haya hayamo katika baadhi ya nakala za kale. Na huyo kijana naye, mwambie aguse ile herufi ndogo iliyo karibu na mstari wa 20 kwenye simu yake. Yatafunguka maelezo kwamba nakala nyingine zina maneno hayo. Chuoni walimfundisha kusoma, sijui kama walimfundisha kusoma mpaka chini ya ukurasa.

Nani ameuondoa, basi? Ngoja kwanza nikupe kisa cha kwaya.

Nilipokuwa kijana huku kwetu Vihiga hatukuwa na mashine ya kutoa kopi. Nyimbo tulinakili kwa mkono katika madaftari, mmoja akisoma na wengine wakiandika. Tulikuwa na wimbo wetu wa kurudi kwa Bwana, na mwenye sauti ya nne, aliyependa kukimbia, aliandikiwa pembeni ya mstari neno "polepole" ili akumbuke kupunguza mwendo. Daftari lake likaazimwa na kwaya ya upande wa Luanda. Baada ya miaka kadhaa tukakutana nao kwenye mkutano, wakasimama, wakaimba kwa sauti tamu na nyuso za imani: "Bwana anarudi polepole." Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Aliyenakili aliona neno pembeni, akaogopa kuliacha.

Injili zilinakiliwa hivyo kwa zaidi ya miaka 1,300 kabla ya mashine ya kuchapa. Habari ya yule mvulana mwenye kifafa imo katika Mathayo 17 na pia katika Marko 9, na kwa Marko Yesu anajibu kwamba namna hii haitoki isipokuwa kwa kuomba. Mwandishi anayenakili Mathayo, naye Marko anamjua kwa moyo, anafika pale anaona jibu halipo. Anaandika pembeni, au anaingiza kabisa. Anayefuata ananakili yote.

Nakala mbili za Kigiriki zinazoheshimiwa sana, Sinaiticus na Vaticanus, ni za karne ya 4, na zote mbili hazikuwa na mstari huo. Ile Sinaiticus inanifurahisha zaidi: mwandishi wa kwanza hakuuandika, kisha mtu wa baadaye akaja kusahihisha, akauchomeka. Yaani kalamu ya nyongeza inaonekana pale pale kwenye ngozi! Nakala hiyo ilikuwa katika monasteri ya Mtakatifu Katerina, chini ya Mlima Sinai, na msomi Mjerumani Tischendorf hakuonyeshwa Agano Jipya lake mpaka mwaka 1859. Sasa piga hesabu. Biblia ya Kiingereza ya King James, ambayo mstari huo inao, ni ya 1611. Watafsiri wake walitegemea Kigiriki kilichotokana na chapa ya msomi Erasmus ya 1516, naye Erasmus alikuwa na nakala chache tu, tena za karne za karibuni. Hawakudanganya mtu. Walitafsiri walichokuwa nacho mezani.

Hili la namba kurukwa ndilo linalowatisha watu, nami naona ni bure. Mathayo hakuandika namba. Namba hizi za mistari ziliwekwa na mchapishaji Robert Estienne mwaka 1551, juu ya chapa iliyokuwa na maneno hayo. Wa baadaye walipoyatoa, waliiacha namba ikiwa pengo badala ya kusogeza zote, la sivyo mahubiri ya dunia nzima yangeharibika. Mwizi aliyekuja kuiba kufunga kwenu angeziba pengo. Asingekuachia shimo wazi katikati ya ukurasa na maelezo chini yake.

Tena liko jambo jingine ambalo kijana wenu angeweza kuwaambia na hakuwaambia. Kufunga huku kumechomekwa mahali pane, si mahali pamoja tu. Linganisha King James na Union Version: Mathayo 17:21, Marko 9:29, ambapo Kiswahili kina kuomba tu, Matendo 10:30, Kornelio anafunga kwa Kiingereza lakini kwetu anasali tu, na 1 Wakorintho 7:5, ile ya mume na mke kutonyimana. Mara zote neno "kufunga" linamfuata au kumtangulia "kuomba" kama mbuzi na kamba yake. Wengi walionakili walikuwa watawa, na mtawa kufunga ndiyo maisha yake. Mkono huandika ulichokizoea. Mimi mwenyewe nikiandika "chai" kalamu hutaka kuongeza "na mandazi".

Kwa hiyo kwa mstari huu kijana yuko sawa, nami nimeegemea upande wake. Alipokosea ni kwenye neno "bure". Kufunga hakukuning'inizwa kwenye mstari mmoja wenye mabano. Fungua Mathayo 6:16, ambayo haina ubishi wa nakala. "Tena mfungapo, msiwe kama wanafiki." Hapo nisamehe niingie darasani kidogo: hakusema "mkifunga", ambayo ingeacha mlango wa kutofunga. Amesema "mfungapo", kama mtu anayesema "mlapo" au "mlalapo", jambo ambalo linajulikana litakuwepo. Nenda na Matendo 13, kanisa la Antiokia, kabla ya kuwaweka mikono Barnaba na Sauli walifunga wakaomba. Hayo yanawatosha akina mama wa Nyalenda.

Ila mkiendelea, msimwambie mama wa yule mtoto kwamba pepo hatoki kwa sababu kuna mwenzenu anakula chapati. Mzigo huo mstari wenye mabano hauwezi kuubeba, na yeye hastahili kuubebeshwa. Mtoto apelekwe kliniki, anywe dawa ya kifafa kila siku bila kuruka, Jumatano ikiwemo.

Mchungaji mpelekeeni Biblia yake mwenyewe ikiwa imefunguliwa, na miwani.

*Mwalimu, mimi ni Mkatoliki, mume wangu ni wa kanisa jingine. Biblia yake haina Tobiti. Anasema yangu imeongezwa. Nani kasema kweli?*
*Mke wa Nakuru*

Hapa hatuko kwenye tafsiri, dada. Ni orodha ya vitabu. Wakatoliki wana saba zaidi katika Agano la Kale: Tobiti, Yudithi, Wamakabayo viwili, Hekima, Yoshua bin Sira na Baruku. Biblia ya Habari Njema inachapishwa kwa namna zote mbili, tafsiri ni ile ile, kwa hiyo mnaweza kusoma pamoja jioni bila kugombana isipokuwa mkifika huko. Na mzee akizidi kelele, mwambie King James ya 1611 ilipotoka ilikuwa na Tobiti ndani, kati ya Agano la Kale na Jipya.

*Babu yangu alifanya kazi kwenye mkonge Tanga, akarudi na Biblia ya Kiswahili kigumu. Maneno tuliyozoea ya Kiarabu hayamo. Mjomba anasema ni ya madhehebu ya uongo, tuichome. Ni ipi hii?*
*Mjukuu, Bungoma*

Zuia kiberiti! Nadhani mkononi una Biblia ya Karl Roehl, mmisionari Mjerumani, iliyokamilika mwaka 1937. Kabla yake tulikuwa na Biblia ya Kiunguja ya 1891 na ya Kimvita ya 1914. Roehl aliona Kiswahili cha hizo kimejaa Kiarabu, akaamua kutafuta maneno ya Kibantu kila alipoweza. Kwa watu wa bara ilikuwa nafuu, kwa watu wa pwani ilikuwa kama chai isiyo na sukari. Ndiyo maana Union Version ikaitwa Union, ilitaka kuwaweka watu wote hawa meza moja. Sisi Wamaragoli, kwa taarifa yako, hatukuwangoja: Biblia yetu nzima ilitoka 1951.

Tazama ukurasa wa kwanza kama jina la Roehl lipo na mwaka. Usiichome na usiiuze. Niandikie kwanza, nauli ya Bungoma ninayo.