Ukoo wa masensei, au silsila?

SWALI: Naandika makala kuhusu walimu wakuu wa karate ya Goju-ryu. Niliandika "ukoo wa masensei", na mbele kidogo "Miyagi alisoma chini ya Higaonna". Mhariri amevikata vyote viwili. Nimekosea wapi?

JIBU: Mhariri hakukuonea. Ukoo ni damu. Msomaji akikuta "ukoo wa masensei" atadhani Chojun Miyagi alikuwa mtoto wa Kanryo Higaonna, au walau mpwa wake. Sivyo. Miyagi alianza kusoma kwa Higaonna huko Naha, Okinawa, mwaka 1902, kijana wa miaka 14, na mzee alifariki mwaka 1915. Baadaye mwanafunzi huyo ndiye aliyeuita mtindo wake Goju, yaani ugumu na ulaini. Nasaba nayo haikufai. Itakurudisha kulekule kwa baba na babu.

Neno lipo: silsila. Kwa Kiarabu ni mnyororo, na watu wa tarika za Kisufi huku mwambao wanalitumia kwa jambo hilihili: mtu humtaja sheikh wake, na sheikh wa sheikh wake, hadi juu kabisa. Ukiona lina harufu ya zawia mno kwa wasomaji wako, andika "mlolongo wa walimu", ingawa mimi ningebaki na silsila. Wala haimfungii mtoto mlango. Katika Shotokan, mtindo mwingine wa karate, Gichin Funakoshi alimfundisha mwanawe Yoshitaka, naye akaja kuwa mwalimu. Hapo nasaba na silsila zimekutana.

Lililonikera zaidi ni hiyo "chini ya". Chini ya mwembe, sawa, wengi tumesoma hapo. Chini ya mtu ni habari ya utawala: Tanganyika ilikuwa chini ya Mjerumani. Elimu hupokewa kwa mtu. Nenda chuo chochote cha Kurani, utaulizwa, "Umesoma kwa nani?" Basi: Miyagi alisoma kwa Higaonna.

Masensei hao waache, ni wingi halali, na wafuatishe watu: masensei wamefika. Ila Mjapani husema Miyagi Sensei, sisi tunatanguliza cheo, kama tusemavyo Mwalimu Nyerere. Na hiyo "ryu" asili yake ni mtiririko wa maji. "Mtindo" inatosha, lakini "mkondo" ingeikaribia zaidi.