Kifungua mimba wangu anawapiga wenzake darasani

SWALI: Shangazi, shikamoo. Ninaishi Morogoro na nina watoto wawili. Kifungua mimba wangu, mvulana wa miaka minne na nusu, alianza darasa la awali mwezi Januari, na mdogo wake alizaliwa mwezi Machi. Tangu Aprili mwalimu ameniita mara tatu, kwa sababu mtoto anawasukuma wenzake na kuwanyang'anya vitu vya kuchezea, na wiki iliyopita alimng'ata mmoja mkononi. Nyumbani ameanza tena kukojoa kitandani, jambo alilokuwa ameliacha kwa zaidi ya mwaka. Bibi yake anasema nimemdekeza na kwamba dawa yake ni fimbo. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kujifungua. Katika barua yako nilitazama kwanza miezi uliyoitaja, kwani ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya jibu. Mwezi Januari mwanao alipelekwa mahali ambapo mama hayupo, na kabla hajapazoea, akarudi nyumbani akakuta mapaja ya mama yamepata mwenyewe. Mtu mzima aliyefikwa na mambo hayo mfululizo angemtafuta jirani amsimulie, lakini mtoto wa umri huu hana bado maneno ya kusimulia, kwa hiyo husema kwa mikono na kwa meno. Kukojoa kitandani ni sehemu ya masimulizi hayohayo. Watoto wengi huirudia tabia hiyo mdogo wao anapozaliwa, na kwa kawaida huiacha wasipoaibishwa. Hata hivyo, akiwa analalamika maumivu anapokojoa, au anakunywa maji kupita kiasi, mpeleke kituo cha afya.

Bibi yake namheshimu, lakini fimbo itamfundisha lilelile tunalotaka aliache, yaani kwamba mwenye nguvu akikasirika humpiga asiye nazo. Simaanishi kwamba aachiwe apige. Anapoinua mkono, ushike mara moja, chuchumaa mtazamane, kisha umwambie kwa sauti ya kawaida: "Sitakubali umpige. Umekasirika kwa sababu amechukua gari lako." Sentensi hiyo ya pili ndiyo wazazi wengi huisahau. Kiswahili hakikosi maneno ya hisia, kwani tuna wivu, hasira, hofu, huzuni, aibu na upweke, lakini watoto wetu, hasa wa kiume, mara nyingi husikia amri moja tu ya kuacha kulia. Yataje maneno hayo anapokuwa ndani ya hisia yenyewe, na uwe tayari kurudia kwa wiki nyingi kabla hujamsikia akiyatumia mwenyewe. Neno "samahani" nalo usimlazimishe kulitamka papo hapo. Mngoje atulie, ndipo umuulize afanye nini ili aliyeumizwa apate nafuu, pengine amrudishie kitu chake au amletee maji.

Nyumbani, tenga robo saa kila siku iwe yake peke yake. Desturi yetu ni kumpeleka mkubwa kwa bibi ili mama apumzike na mchanga, nami nakushauri ugeuze mpango huo: bibi ambebe mchanga, kwa sababu anachokikosa mwanao ni wewe. Jioni, wakusanye watoto watatu au wanne wa jirani mcheze "nyama, nyama", ule mchezo ambao kiongozi hutaja wanyama, na watoto huruka akitajwa anayeliwa na kutulia akitajwa asiyeliwa. Ukitaja mbuzi, kuku, ng'ombe, kisha ghafla fisi, mtoto hulazimika kuuzuia mwili uliokwisha kuanza kuruka, na uwezo huohuo ndio anaouhitaji darasani mkono wake unapoinuka.

Kuhusu mwalimu, usiende kuomba radhi tu. Mwombe aangalie kinachotokea kabla ya kipigo: ni wakati wa kugombea vitu, wa njaa, au wa kelele nyingi? Najua mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kuona kila kitu, lakini mtaala wa elimu ya awali wa Tanzania wa mwaka 2016 uliweka kuhusiana na wengine miongoni mwa umahiri wa kujengwa, kwa hiyo si hisani unayomwomba.

SWALI: Binti yangu wa PP1, yaani mwaka wa kwanza wa elimu ya awali, hulia kila asubuhi langoni mwa shule. Mwalimu ananishauri nitoroke asiponiangalia. Je, ni sawa? Baba, Mombasa.

JIBU: Usitoroke, ndugu yangu, kwa maana kesho yake atakushikilia zaidi, akihofia kwamba akigeuka tu utakuwa umetoweka. Muage kwa maneno mafupi, yaleyale kila siku, na umwambie utarudi baada ya jambo analolijua, kama vile chakula cha mchana, kwa sababu saa bado haimwambii kitu. Kisha uondoke bila kurudi nyuma. Muulize mwalimu hulia kwa muda gani ukishaondoka. Ikiwa hunyamaza baada ya dakika chache akaenda kucheza, endelea hivyo. Lakini ikiwa wiki nyingi zimepita naye bado hali wala hachezi na mtu, keti na mwalimu mchunguze kinachomsumbua hapo shuleni.